Viunza vya Swabir

Niliposhuka kutoka barabara ya lami siku ile, mtu wa kwanza kumwona ni Matano, amebeba karai la mchanga kichwani, anaingia nalo makaburini. Alikuwa katika sare yake ya ulinzi wa mikoko, shati la kijani lenye picha ya mti mfukoni, na viatu vya mpira vinavyofika magotini. Nikamwita. Akageuka polepole, karai halikuyumba, akanitazama kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

"Kenga wa Taru," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja kutoa pole ya Swabir. Nimechelewa, lakini nimekuja."

"Basi anza kuitoa hapa," akasema, akaumwaga mchanga ule juu ya kaburi lililokuwa limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Kijiji chenyewe kiko kati ya Msambweni na Shimoni, upande wa baharini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe hawapendi jambo hili litembee na jina lao. Matano na Swabir niliwajua zamani, nilipokuwa najenga nyumba yangu. Huko kwetu nyikani mchwa ni wengi, mti wa kawaida hauchukui mvua mbili, nikashauriwa nitafute boriti za mkoko. Zikaja juu ya lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu kutoka Mombasa, na juu ya boriti wamekaa vijana wawili wanabishana ni nani kati yao aliyekata iliyonyooka zaidi. Hawakuondoka mpaka paa likasimama. Toka siku hizo, nikipata nauli na afya, hushuka pwani kuwatazama. Safari hii nilikuta mmoja juu ya ardhi, na mwingine chini yake.

Nikakaa kwa Matano siku kadhaa. Hakunificha kitu. Mambo mengine alinieleza tukitembea ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia kijijini, mengine alinieleza akiwa amenipa mgongo, anajaza karai.

Kwa asiyejua makaburi ya huku, nieleze. Ndani ya shimo la kaburi huchimbwa shimo jingine jembamba, wanaliita mwanandani. Maiti hulazwa humo, na juu yake hupangwa viunza, ili mchanga usimwangukie. Kwingine viunza ni mbao. Katika kijiji hiki viunza ni mikoko, vipande vya boriti iliyonyooka, kwa sababu mkoko hauliwi na mchwa upesi wala hauogopi maji. Na mikoko hiyo haikatwi popote. Iko mahali pamoja, nyuma ya hori, mirefu, imesimama pamoja kama watu wa safu moja ya sala. Mahali hapo hapana jina. Anayetaka kupataja husema "kule", akanyoosha mdomo. Hakuna anayekata kule ufito wa banda wala ukuni, na siku ya msiba hakuna anayeomba ruhusa kwa mtu. Tena kupataja siku ya furaha ni kisirani, sawa na kumpimia bwana arusi sanda.

Wakata boriti nao wana ada yao ndani ya ada hiyo. Hukata wawili wawili, na anayetangulia kufa hukatiwa viunza na mwenzake wa shoka. Si mwana, si ndugu, ni mwenzake wa shoka. Matano na Swabir walikuwa wenzi wa shoka tangu ndevu hazijaota.

Halafu ukaja mradi. Kukata boriti kulikuwa kumekatazwa na serikali zamani, na waliokuwa wakikata walikata kwa kujificha. Kampuni moja ya Nairobi ikataka kutia fedha katika msitu wa mikoko. Wanasema miti ile hunywa moshi wa dunia, na wenye moshi hulipa. Mimi sikusoma sana, siwezi kuapa kwamba nimeelewa. Ila kazi yake nimeiona kwa macho. Pameota mikoko palipokuwa tope tupu. Shule ina tangi la maji. Kina mama wana kitalu cha miche, na chama chao kinaongozwa na Bi Maimuna, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, lakini akianza kusema hata kuku hunyamaza. Matano mwenyewe aliniambia, "Kenga, mradi ni mzuri. Usiende huko kwenu ukasema kampuni ilituharibia. Aliyeharibu unakunywa chai naye."

Siku ya kuchora ramani walikusanyika shuleni. Pilau lilikuwa linapikwa nje, ngoma ya kina mama imetangulia. Hesbon, kijana wa bara, afisa wa mradi aliyekuwa na ofisi Ukunda, akabandika karatasi kubwa ukutani na kuuliza watu msitu unawapa nini. Wakasema kaa. Wakasema chaza, asali, kuni zilizokauka zenyewe, magome ya dawa ya tumbo.

"Kuna lingine?" akauliza Hesbon.

Chumba kizima kilijua lingine ni lipi. Wazee wakatazama sakafu. Bi Maimuna akakohoa. Harufu ya pilau ikaingia dirishani, na nani angetaja makaburi juu ya harufu ile?

"Hakuna," mtu mmoja akajibu, na watu wakapiga makofi.

"Kunyamaza kwa siku hiyo ni kwetu sote," Matano aliniambia. "Kunyamaza kwa kesho yake ni kwangu peke yangu."

Maana kesho yake yeye na Hesbon walitoka wawili tu kuuzungukia mpaka na kufunga utepe wa buluu kwenye miti. Jioni iliyopita alikuwa ameambiwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa walinzi. Walipofika kule, Hesbon akainua uso, akapiga mluzi.

"Mzee, hii ndiyo nzuri kuliko zote! Hapa kwani hamjawahi kukata?"

Siku hiyo haikuwa ya arusi wala ya pilau. Kulikuwa na tope, na mbu, na wanaume wawili. Kisirani hakikuwepo. Matano aliniambia neno alikuwa nalo mdomoni, limefika kwenye meno. Lakini akafikiri: mkuu wa walinzi atakayeanza kazi kwa kuonyesha mahali pa kukata miti, atapewa viatu kweli?

"Hapa tunapatunza tu," akasema.

Hesbon akafurahi. Akampiga picha ameegemea mkoko mmoja mnene, kisha akafunga utepe.

Swabir hakutaka sare. Alikuwa ameingia katika kilimo cha mwani pamoja na mkewe Mwanarusi, ambaye ni mzaliwa wa Kibuyuni na mwani ndio kazi ya kwao. Alikuwa akifunga kamba na kubeba magunia. Lakini kila akimwona Matano na viatu vyake, alisimama wima na kupiga saluti.

"Afande! Naomba ruhusa nikojoe karibu na mti."

"Ondoka hapa, mwizi wa boriti."

"Mwizi mwenzio. Wewe umevalishwa tu."

Siku moja akauliza bila mzaha, "Umefunga utepe mpaka kule?"

"Ni utepe tu, Swabir."

"Haya. Mimi nikitangulia, utaufungua kwa meno." Kisha akacheka, akampa kipande cha muwa alichokuwa anakula, na hawakulizungumza tena.

Swabir alikufa mwaka jana, mvua za vuli hazijaanza. Alisali alfajiri, akarudi, akasema kifua kimembana, akalala. Mwanarusi alipomletea uji hakuamka tena.

Matano alikwenda, akalia, akaufunika uso wa mwenzake kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akarudi nyumbani, akatoa shoka lake la zamani uvunguni mwa kitanda, akalinoa, akaondoka nalo kwenda kule. Nataka hili lieleweke: alikwenda na shoka. Alikuwa anakwenda kukata.

Akafika, akaukuta utepe wa buluu. Na hapo akakumbuka kwamba wiki chache nyuma alikuwa amemnyang'anya panga mzee Mwinga, mchoma chokaa, mbele ya kina mama wote kwenye kitalu. Mwinga alipolalamika kwamba ana arusi ya bintiye na kuni hana, Matano alimjibu kwa sauti ya watu kusikia: "Sheria haina arusi wala msiba." Maneno hayo aliyapenda siku ile. Aliyarudia na nyumbani.

Akaliegemeza shoka kwenye mti, akatoa simu kumpigia Hesbon. Ikalia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena.

Vijana wakamkuta hapo. Wametumwa na wazee kubeba viunza, wanaongozwa na Shutu, mtoto wa nduguye Swabir.

"Shikamoo, mzee Matano. Tulijua tutakukuta umeshaanza."

"Marahaba. Subirini kidogo, napiga simu."

"Simu ya nani? Kama ni ya ami yangu, hapatikani."

"Shutu, usifanye mzaha. Nampigia Hesbon. Dakika moja tu."

Dakika hazikuwa moja. Hesbon hakushika. Matano akapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, akashuka, akapanda. Vijana wakakaa juu ya mizizi, mapanga magotini. Maji yalikuwa yanajaa, yakaanza kuwalamba miguu. Akaja mtu mbio kutoka msikitini: maiti ameshaoshwa, jeneza limetoka, watu wanaulizia viunza.

Shutu akasimama.

"Mzee, shoka hilo ni lako?"

"Ni langu."

"Na aliyekufa ni mwenzako wa shoka?"

Matano akalitazama shoka. Aliniambia kwamba mpaka wakati huo, kama Shutu angemsukuma tu, au angekata utepe kwa panga, yeye angeshukuru, angekata nao. Lakini Shutu ni kijana mwenye adabu. Hakumgusa.

"Basi baki na miti yako," akasema. "Siku ya kuzikwa wewe, iulize simu kama inatosha."

Wakaondoka. Njiani, penye njia ya kushukia hori, palikuwa na bango la mradi. Lilikuwa la mbao laini za kutoka bara, limechorwa na fundi wa Ukunda: mikoko, jua, na kaa mkubwa mwekundu anayecheka. Wakaling'oa, wakalikata kwa msumeno wa mwenye duka, na mbao hizo ndizo zilizopelekwa makaburini.

Matano alifika wakati maiti anateremshwa. Watu wakampa nafasi katika safu, kwa kuwa mwenzi wa shoka hanyimwi nafasi, na mbao zikapita mikononi mwao moja baada ya moja kuelekea kwa waliokuwa shimoni. Moja ilipofika kwake ilikuwa na uso wa kaa. Aliyekuwa shimoni akaipokea, akaitazama, akaigeuza ili rangi ikae juu na upande mtupu umwelekee maiti. Akaipanga kichwani.

Wakati wa kufukia, simu ikatetema mfukoni mwa Matano. Akaiacha. Watu walipomaliza dua na kuondoka, akapiga.

"Pole sana, mzee," Hesbon akasema. "Nilikuwa kwa mkutano. Kwani kuna shida?"

Matano akamweleza.

"Ai, mzee! Hiyo si mngekata tu? Msiba ni msiba. Nani angewauliza?"

Alinirudishia maneno hayo mara nyingi siku zile nilizokaa kwake. "Nani angewauliza, Kenga. Hakuna. Mtoto wa watu alisema kweli. Hakuna aliyenikataza. Nilikwenda nikajikataza mwenyewe, nikamkataza na Swabir."

Mwanarusi akaingia eda. Kabla ya hapo alikuwa akimwita Matano shemeji, na akipita mlangoni kwao humwambia, "Shemeji, ingia, kuna mkate wa mofa." Arobaini ilipofika, Matano alimpeleka mkewe na mchele na kuku. Mchele ukarudi, kuku akarudi, na maneno yakaja nyuma yake: "Mwambieni askari ahsante. Sisi tuna chakula."

Masika yakaja. Mbao za bara, chini ya mchanga wenye mchwa, hazina ahadi. Asubuhi moja watu walikwenda kuzika mtoto mchanga wakakuta kaburi la Swabir limetitia. Wakamuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama lingefukuliwa lipangwe upya, akasema aliyelazwa haamshwi, lijazwe tu. Likajazwa. Mvua ikanyesha, likabonyea tena. Tokea hapo Matano huchota mchanga mwekundu kule juu, karibu na lami, akatembea nao mpaka makaburini kabla hajaingia zamu. Hajatumwa na mtu.

Niliposimama juu ya kaburi lile siku yangu ya kwanza, nilikumbuka paa langu la Taru. Boriti za Swabir zimenishikia paa muda wote huo, wala halijawahi kunivujia. Sikumwambia Matano. Angeongeza makarai.

Nilikuwa bado kwake waliposema wageni wa kampuni wanakuja. Kina mama wakafagia kitalu, wakatandaza mikeka, wakapika mahamri. Bango jipya la chuma lilikuwa limeshasimamishwa. Kuhusu la zamani, Bi Maimuna alikuwa amewaandikia kwamba liliangushwa na upepo.

Asubuhi hiyo alikuja kwa Matano na kitambaa chake cha kufutia jasho mkononi, akakaa kwenye kigoda, akatusalimu vizuri. Halafu akasema, "Matano, nakuona una neno."

"Ninalo, Bi Maimuna."

"Lilaze. Mwanangu, watoto wa kijiji hiki wanakunywa maji kwa mradi huu. Wageni wakisikia makaburi watafikiri tunawaroga."

"Na akifa mwingine?"

"Akifa mwingine tutakata. Hesbon si alishasema?"

"Hesbon kashahamishwa. Yupo mwingine, na huyo simjui. Na mlinzi atakayekuja baada yangu simjui. Atakuwa na utepe, atakuwa na simu. Bi Maimuna, siku nitakayokufa mimi, nani atanikatia? Sina mwenzi wa shoka tena. Lakini Mwinga naye atazikwa. Mwanarusi atazikwa. Wewe utazikwa."

"Astaghfirullah, leo asubuhi yote hii!"

"Ndiyo hivyo. Siku zote ni asubuhi."

Bi Maimuna akainuka, akaikung'uta kanga yake. "Mimi sijakukataza," akasema. "Sijakuruhusu pia."

Wageni walikuja kwa magari mawili. Mkubwa wao alikuwa mwanamke kijana, Judy, mpole, aliyevua viatu mwenyewe alipofika mkekani bila kuambiwa. Wakaonyeshwa miche, wakapanda michache, tope likawafika magotini, watu wakacheka vizuri. Kisha wakaketi. Hotuba zikapita. Judy akauliza kama kuna mwenye la kuongeza.

Mimi nilikuwa nyuma, pamoja na wazee. Nilimwona Matano akisimama. Alikuwa amevua kofia ya sare, ameishika kwa mikono miwili.

"Pale penye mikoko mirefu, nyuma ya hori," akasema, "ndipo tunapokata viunza vya makaburi yetu."

Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mzee Mwinga akaguna, akachukua bakora yake, akaondoka zake bila kuaga. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Ameua mtu leo huyu."

Matano akaendelea. "Siku ya ramani mliuliza, hatukusema. Kesho yake niliulizwa peke yangu, nikasema tunapatunza tu. Nilidanganya, niliogopa kunyimwa kazi. Halafu akafa mwenzangu, nikazuia asikatiwe. Bango lenu halikuangushwa na upepo. Limo kaburini."

Judy alitazama watu, kisha akamtazama Bi Maimuna. Bi Maimuna akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni kweli. La upepo nililisema mimi."

Nilidhani patachimbika. Judy akauliza mahali penyewe ni pakubwa kiasi gani, wakamwambia. Akauliza hukatwa mara ngapi, wakamwambia ni Mungu ajuaye. Akanong'onezana na wenzake kidogo. Kisha akasema sehemu ile itatolewa katika mpaka, ibaki mikononi mwa kijiji, na kwamba ni jambo dogo, lingewezekana tangu siku ya kwanza.

"Mbona hamkutuambia?" akauliza.

Angeelezwaje, na mahamri yako mbele yake?

"Na mimi?" Matano akasema. "Kazi yangu?"

"Kazi yako nini, mzee?"

"Nilidanganya."

"Umesema ukweli leo," Judy akasema, akatabasamu kwa wema. "Endelea na kazi."

Akakaa. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba alionekana kama aliyenyimwa kitu. Mimi namjua: alikwenda pale akitaka afukuzwe.

Jioni hiyohiyo, jua bado lipo, wakaenda kufungua tepe, yeye na Shutu. Nilikwenda nao mpaka tope liliponikataza. Mafundo yalikuwa yamekaza kwa chumvi na hayakufunguka kwa vidole. Matano akainama, akalifungua la kwanza kwa meno. Shutu akamtazama, hakucheka. Yeye hakujua maneno yale ya Swabir, ila aliona machozi, akageuka akaanza kufungua upande mwingine.

Tulirudi kwa njia ya kwa Mwanarusi. Alikuwa uani anageuza mwani kwenye uchaga, amejifunga kanga kiunoni. Sisi tukabaki nje, Matano akabisha hodi.

"Karibu, askari," akasema, hakuacha kugeuza mwani.

"Shemeji, nimekuja..."

"Nimesikia. Umewaambia watu wa Nairobi. Kwani wao ndio waliofiwa?"

Matano akasimama na kofia mkononi.

"Kwako ndiko nilikopaswa kuanza," akasema. "Niliogopa."

"Mchana unawaogopa wageni, jioni unaniogopa mimi. Na siku ile ulimwogopa nani, pale hapakuwa na mtu wa kukukataza?" Aliuliza bila kupaza sauti, kama anayetaka kujua kweli.

"Nilijiogopa mwenyewe. Yale maneno yangu kwa Mwinga."

Mwanarusi akaiacha kazi. Akafuta mikono. "Alikuwa akikucheka na viatu vyako," akasema. "Lakini usiku mvua ikinyesha alikuwa akisema, afadhali Matano ana viatu."

"Nisamehe, shemeji."

"Nikusamehe nini? Haki si yangu mimi nikupe. Haki ni ya mwenyewe, na mwenyewe umemfunika na kaa." Akarudi kwenye mwani wake. "Nenda, askari. Giza linaingia, na mwani haujaanuliwa."

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kuondoka. Nilikuta Matano ameshatangulia, nikamfuata makaburini kumuaga. Alikuwa anaumwaga mchanga na kuusawazisha kwa kiganja, amechuchumaa. Nikamwambia pengine sasa angepumzika, mambo ameyasema, mahali pamerudi kwa wenyewe.

"Pamerudi kwa watakaokufa," akasema. "Huyu je?"

Mimi ni mtu wa kutembea, majibu huniishia njiani. Nikashika kiganja cha mchanga, nikaongeza.

Ndipo tukasikia kikohozi. Mwanarusi alikuwa amesimama nje ya ukuta mfupi wa makaburi, gunia la mwani kichwani, anaelekea barabarani kungoja gari la mnunuzi. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Matano akajiinua nusu, akabaki hivyo, hakai wala hasimami.

Mwanarusi alitazama kaburi, akalitazama kwa urefu wake wote, kama mtu anayekagua kitanda alichotandikiwa mgonjwa wake.

"Kichwani hapo, Matano," akasema. "Pamebonyea."

Matano akatazama. Kweli palikuwa pamebonyea, kidogo, mahali pa mbao ile ya kaa. Mwanarusi hakumwita shemeji. Lakini askari pia hakumwita.

Matano akaliinua karai tupu, akalipiga kwa kiganja mchanga uliokuwa umeshika utoke, akaniambia, "Ukifika Taru, msalimie nyumba," akaenda kuchota mwingine. Mwanarusi alikuwa bado amesimama ukutani nilipoondoka. Gari la mwani lilishapiga honi mara mbili barabarani, naye alikuwa anangoja aone mchanga umewekwa.